Siku moja maishani mwangu: barista asiyeuza kahawa

Kwanza niwatoe wasiwasi majirani wa mama pale Majengo, Mombasa. Ni kweli mimi ni barista London, ila si yule wa mashine ya kahawa. Mama amewaeleza mpaka amechoka, na bado kuna mmoja anayeuliza kama nitamtafutia kazi kwenye huo mkahawa.

Barista ninayemsema ni wakili wa kusimama mahakamani. Kwetu Kenya, na Tanzania vilevile, wakili ni mmoja: huyohuyo hupokea mteja ofisini, huandika barua, kisha huvaa joho akaenda mbele ya jaji. Uingereza kazi hiyo wameikata vipande viwili. Solisita hukaa na mteja na kukusanya nyaraka. Barista huitwa kutoa ushauri wa kisheria na kutetea hoja. Mimi hata huyo barista kamili bado. Nimeshapokewa kwenye uwakili, lakini ni mwanagenzi: miezi 12 chini ya wasimamizi, na sita ya mwanzo siruhusiwi kusimama na kesi yangu mwenyewe. Nimo mwezi wa tatu.

Siku ninayoisimulia ni Ijumaa moja ya Desemba. Siri za wateja si zangu, kwa hiyo meli, mzigo, tarehe na hesabu nimezibadilisha.

Saa kumi na mbili asubuhi

Kwetu saa hii jua linachungulia juu ya bahari. Hapa East Ham ni giza la kaniki, na litakaa hivyo karibu saa mbili zaidi. Saa ya Kiswahili ilitungwa na watu ambao jua lao halina hila: likichomoza unaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu. Mchukue mmoja wao umlete London mwezi huu, jua lichomoze karibu saa mbili na lizame kabla ya saa kumi, aone kama hatakwambia nchi hii imeharibika.

Nimeswali, nimepasha mahamri mawili ya juzi, nimekunywa chai ya rangi nikiwa nimesimama.

Saa moja na nusu

Treni ya laini ya District inanifikisha Temple bila kubadilisha. Nikipata kiti nasoma hukumu. Leo ni ya meli iitwayo Eternal Bliss, iliyobeba maharage ya soya kutoka Brazil hadi China mwaka 2015, ikangoja nje ya bandari siku 31 mpaka soya ikaota ukungu. Swali lilikuwa hili: mwenye meli akishalipwa demareji, ile fidia ya kila siku ya kucheleweshwa meli iliyopangwa tangu kwenye mkataba, aweza kudai tena hasara ya mzigo ulioharibika kwa kungoja? Mahakama ya Biashara ilisema ndiyo mwaka 2020. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikageuza: demareji ndiyo fidia yote ya kuchelewa, na ukitaka zaidi uonyeshe mkataba umevunjwa kwa njia nyingine.

Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini, Mombasa. Neno demareji nililisikia nyumbani kabla sijajua kusoma, na kwa jinsi wazee walivyolitaja, "demareji imewakamata", nilidhani ni maradhi.

Saa mbili na robo

Chemba yetu iko ndani ya Temple, mtaa wa mabarista, kwenye ua wa mawe nyuma ya Fleet Street, karibu na kanisa lililowekwa wakfu mwaka 1185. Chemba si kampuni. Kila barista amejiajiri. Wanachangia pango, maktaba na makarani. Makarani ndio wanaoleta kazi na kupatana ada. Chumba chao naingia kwa adabu kama jikoni kwa bibi.

Kuna mila moja haijanikaa hadi leo: mabarista hawapeani mkono wao kwa wao. Siku ya kwanza niliunyoosha wangu ukabaki hewani, mzee wa watu akiutazama kwa huruma. Mtu wa pwani akiingia mahali asipewe mkono huanza kujiuliza amekosa nini.

Msimamizi wangu ana maombi mahakamani saa nne u nusu. Nampa jedwali la tarehe nililoandaa jana. Analitazama, anakata safu mbili kwa kalamu, anasema, "Vizuri." Nimejifunza kwamba vizuri yake ni kubwa.

Saa nne na nusu

Mahakama ya Biashara haiko kwenye lile kasri la mahakama pale Strand watalii wanalopiga picha. Iko Rolls Building, Fetter Lane, jengo la vioo ambalo ungelidhania benki. Mahakama yenyewe ilianza mwaka 1895. Masimulizi ya mawakili ni kwamba kabla ya hapo jaji mmoja alipewa kesi ya mambo ya meli, akaivuruga kiasi kwamba wafanyabiashara wa London wakadai majaji wanaoijua biashara.

Ijumaa ni siku ya maombi mafupi. Watu wamevaa suti tu. Wigi yangu ya manyoya ya farasi, niliyoinunua kwa uchungu, imelala kwenye mkebe wake nyumbani.

Tunamtetea mtu ambaye mali yake imefungiwa. Amri hii ilipata jina la Mareva, meli ya kesi ya mwaka 1975: mdai anamwendea jaji peke yake, mdaiwa hana habari, anaomba akaunti na mali zifungwe zisije zikahamishwa. Ni silaha kali, na kwa kuwa upande wa pili haupo kujitetea, anayeomba analazimika kumwambia jaji kila jambo muhimu, hasa yale yanayomuumiza yeye mwenyewe. Hoja ya msimamizi wangu leo ni kwamba walificha barua moja.

Mteja wetu si mtu ambaye ningemkaribisha nyumbani. Lakini kuna kanuni inayoitwa foleni ya teksi: kesi ikiwa ya fani yako, una nafasi na ada ni ya haki, unambeba aliye mbele yako. Dereva hachagui sura.

Kazi yangu ni kuandika kila neno la jaji. Anauliza upande wa pili swali moja mara tatu, kwa upole uleule: barua hii mliiona lini? Wakili wao ni mtu hodari, nimemsoma vitabuni, na jibu lake la tatu ni fupi kuliko la kwanza. Nimeandika kurasa 14, mkono umekufa ganzi. Jaji anasema atatoa uamuzi Jumatatu.

Saa saba mchana

Ukumbi wa chakula wa Inner Temple, chama kimojawapo kinachowapokea mabarista. Gandhi alipokewa uwakili na watu hawahawa mwaka 1891, na miaka miwili baadaye, akielekea Afrika Kusini, meli yake ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar. Mwaka 1922 walimfuta kwenye orodha. Walimrudisha mwaka 1988, akiwa kaburini miaka arobaini, ikiwa kaburi ni neno la kutumia kwa mtu aliyechomwa. Hawana haraka hapa.

Nampigia mama. Kwake ni saa kumi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Ndiyo nakula."

"Nini?"

"Samaki."

"Wa nazi?"

Nasema la. Mama ananyamaza kwa masikitiko.

Saa nane mchana

Sasa kazi yenyewe. Msimamizi ameniachia faili la usuluhishi wa kibiashara utakaosikilizwa hapa London. Meli ya ngano ilishusha katika bandari moja ya upande wetu wa Bahari ya Hindi, mkataba wa kuikodi unasema sheria ni ya Kiingereza, basi ngano ya huko inagombaniwa Temple. Sisi tuko na mwenye meli. Niandike rasimu ya hoja za demareji.

Ukiondoa Kilatini, kazi hii ni kuhesabu saa. Aliyeikodi meli ana muda wake wa bure wa kushusha mzigo. Mkataba huu unasema muda unaanza pale kazi inapoanza, na Jumapili haihesabiwi. Muda ukiisha, demareji inaanza, dola 20,000 kwa siku. Na hapo ndipo penye msemo ambao kila mtu wa meli anaujua: ukishaingia demareji, umeingia. Jumapili inahesabika, sikukuu inahesabika, mvua inahesabika.

Jedwali la solisita linasema kazi ilianza 02:00. Chanzo chake ni ujumbe wa simu wa msimamizi wa makuli, uliotafsiriwa. Kiambatisho kina maneno ya asili, na nadhani ni mimi wa kwanza kuyasoma tangu faili lifunguliwe, maana kila mwingine alisoma tafsiri: "Kazi imeanza saa mbili."

Nimeyasoma mara nne. Hakuna Mswahili aiitaye saa nane ya usiku saa mbili. Saa mbili ni asubuhi, watu wameshakunywa chai, zamu imepangwa. Kwa saa ya meli hiyo ni 08:00.

Saa sita tu, utasema, dola 5,000. Nilifikiri hivyo nikachora mstari. Kwa hesabu ya tafsiri, muda wa bure uliisha Jumamosi saa mbili usiku, na demareji ikaila Jumapili nzima. Anza saa sita baadaye: Jumamosi inafika saa sita usiku muda wa bure umebakiwa na saa mbili, Jumapili inarukwa, zile saa mbili zinamalizikia saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Saa sita zimezaa 30. Dola 25,000.

Na zote zinatoka mfukoni mwa mteja wetu.

Saa kumi kasoro dakika kumi

Jua linazama. Taa za gesi za Temple zimewashwa, na mimi sijaandika hata aya. Niseme ukweli, kwa robo saa nilijishawishi kwamba si kazi yangu. Mwanagenzi ameambiwa aandike hoja, hakuambiwa akague tafsiri. Upande wa pili wana mawakili wao, kiambatisho kilekile wanacho, watafute wenyewe mtu wa Kilindini.

Saa kumi na moja

Nilibisha mlango wa msimamizi wangu. Nikamweleza kwa mchoro, maana huwezi kumfafanulia Mwingereza saa ya Kiswahili kwa maneno matupu. Alicheka kwanza, akasema ni akili zaidi kuliko yao. Kisha akaacha kucheka.

"Una hakika?"

Nikasema ndiyo.

"Mtu aliyezoea buku la meli hawezi kuandika mbili akimaanisha 02:00?"

Hapo nikakwama. Aweza. Bandarini watu husema saa kwa Kiswahili na kuandika tarakimu kwa Kizungu, na katikati ya hapo mengi hupotea. Lakini yeye aliandika neno, si tarakimu. Nikasema sina hakika ya kuapa, nina hakika ya kushtuka.

"Basi usiape. Wewe si shahidi." Akavuta karatasi. "Ujumbe wenyewe uko wapi? Simu huweka saa ya kutumwa."

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimechora mstari mzuri wa saa 30 na sikufikiria kuuomba ujumbe wa asili. Na hata ukija, akaendelea, nijue saa iliyopigwa chapa ni ya nchi gani. Wataalamu wakitoa ujumbe kwenye simu mara nyingine huuandika kwa saa ya kimataifa ya Greenwich, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele.

Nikauliza lililokuwa likinichoma: na ikiwa ni kweli saa mbili?

"Tunamwambia solisita, solisita anamwambia mteja, tunadai kidogo zaidi."

"Na mteja akikataa?"

"Anatafuta barista mwingine. Wasuluhishi ni kama mahakama, hatuwapotoshi. Mimi Kiswahili sikijui, saa nne asubuhi leo ningetetea 02:00 kwa moyo mweupe. Tangu ulipobisha mlango siwezi tena."

Hakusema ahsante, wala sikuitarajia.

Saa moja usiku

Barua pepe kwa solisita nimeiandika mara sita. Ya kwanza ilikuwa ukurasa mzima, na neno dhahiri limo mara tatu, msimamizi alilizungushia duara yote matatu akaandika pembeni: "Kwa nani?" Iliyokwenda ina mistari mitano. Tunaomba ujumbe wa asili na saa yake, tunaomba mfasiri mwingine wa Kiswahili aliyesajiliwa, na tafadhali msiwasilishe jedwali kabla ya kuzungumza nasi. Jina langu halimo. Wanagenzi hatutii saini.

Rasimu ya hoja nimeiandika kwa njia mbili, moja ya 02:00 na moja ya 08:00. Ya pili ni fupi na, kwa bahati mbaya, ni nzuri zaidi.

Saa mbili na dakika ishirini usiku

Solisita amejibu. Msimamizi wa makuli alibadilisha simu mwaka jana. Wanamtafuta aliyepokea ujumbe. Labda Jumatatu.

Nikiwa kituoni Temple baba akapiga, kwake karibu saa sita ya usiku, hapati usingizi. Swali lilikuwa ulimini kumuuliza, baba, makuli wenu zamu ya asubuhi walikuwa wakianza saa ngapi? Jibu analo, na lingemfurahisha kuulizwa. Nikamuuliza habari ya mguu wake.

"Mguu u papo hapo. Na huko kazini, wanakufunza nini?"

"Kuhesabu saa, baba."

"Na wale nao hawajui?" Treni ikaingia, sikusikia alivyocheka.