Pampu ya Lori la Ami

Juzi mwanangu aliniuliza kwa nini kila ninaponunua dizeli huomba nidondoshewe kidogo kiganjani niinuse, nami nikamweleza habari za lori la Ami, lile Isuzu lililobeba chumvi ya Gongoni kwenda Mombasa.

Asubuhi liliwaka bila tabu, lakini likishapata moto na kuzimwa, haliwaki tena. Fundi hakugusa spana. Aliizungushia pampu ya dizeli kitambaa kilichoroweshwa maji baridi, akangoja, kisha akaniambia nipige stata, na injini ikawaka papo hapo.

"Pampu imelika, mwanangu," fundi akaniambia.

Dizeli ikipata joto huwa nyepesi, na pampu iliyolika huivujisha ndani kwa ndani badala ya kuisukuma hadi kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya injini. Pampu ya aina ile hailainishwi na oili ya injini bali na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, uhalifu ulioisukuma serikali ya Kenya mwaka 2018 kuyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita, huacha chuma kisagane na chuma.

Pampu ya mtumba ililetwa kutoka Mombasa, ikafungwa kwa kufuata alama ambazo fundi alizichonga kwa tindo kabla ya kuitoa ya zamani. Ikabaki kutoa hewa kwenye paipu za dizeli. Nati za paipu zote nne zililegezwa kwenye nozeli, nami nikawa napiga stata kwa vipindi ili betri isiishe. Kwanza hakikutoka kitu. Kisha povu jeupe likachuruzika. Kisha, nati moja baada ya nyingine, dizeli safi isiyo na kiputo ikaruka kwa mapigo na kumlowesha fundi vidole. Alipokaza ya tatu, injini ikadaka kwa kukohoa, kabini ikatikisika, na moshi mweupe ukamfunika Ami aliyesimama nyuma na tasbihi yake. Fundi alikaza ya nne, akazima, akaizungusha pampu upana wa ukucha ili isukume dizeli kwa wakati wake, tukawasha tena, na mlio wa injini, kama chuma kikigonga chuma, ukatulia.

Ami alishikilia kwamba pampu yake iliuliwa na kituo kimoja cha mafuta; fundi alishikilia kwamba ni umri. Tulipoifungua, mikwaruzo niliiona kwa macho yangu, ila haikutosha kuamua kati yao. Ami hakununua tena dizeli pale, na fundi hakuchoka kumhimiza abadilishe filta mapema.