Kabla ya kukrosi, hesabu chaji

Jana usiku mdogo wangu wa kidato cha pili kanijia na daftari, kaandika fomula ya kalsiamu kloridi kuwa CaCl na pembeni kuna alama ya kosa, hajui kakosea wapi. Nikamuuliza ayoni ya kalsiamu, yaani atomu yake ikishatoa elektroni, ina chaji gani, akasema mbili. Chanya au hasi? Kimya. Yaani kakaririshwa kukrosi namba, chaji ya huyu inakuwa namba ndogo ya chini ya yule, kabla hajaambiwa zinatoka wapi, na hii inaniuma sana maana na mimi nilifundishwa hivyohivyo.

Tukaanza na chumvi ya jikoni. Sodiamu ina elektroni 11, zimekaa kwa mizunguko ya 2, 8, 1, ile moja ya nje inaitoa, inabaki na protoni 11 zenye chaji chanya na elektroni 10 zenye chaji hasi, ndo maana inakuwa chanya moja. Klorini 2, 8, 7, inatafuta moja tu itimize nane, ikiipata ni hasi moja, basi zinavutana. Na sio kwamba zinashikana mbilimbili halafu basi, hapana, kwenye punje ya chumvi kila ayoni ya sodiamu imezungukwa na kloridi 6, na kila kloridi na sodiamu 6, mvuto wake mkali mpaka uifikishe nyuzi 801 za Selsiasi ndo iyeyuke. Fomula yake, NaCl, inakuonyesha uwiano tu.

Haya, kalsiamu inatoa mbili, klorini moja inapokea moja, hiyo nyingine inaenda wapi? "Si kwa klorini nyingine!" Akaandika CaCl2 mwenyewe.

MgO, yaani magnesiamu oksidi, ilikuwa fasta, mbili kwa mbili zishalingana, ukikrosi tu bila kufikiri unaacha Mg2O2.

Kilichotukalisha ni chokaa. Kaandika CaOH2. Nikamwambia OH ni kundi, linatembea pamoja na lina hasi moja kwa ujumla wake, sasa kalsiamu inataka makundi mawili, usipoweka mabano hiyo 2 inahesabu hidrojeni peke yake na oksijeni inabaki moja. Ca(OH)2. Ila kwenye magadi ya maharage kuna Na2CO3, hapo hakuna mabano kwa sababu kundi la CO3 ni moja tu, lina hasi mbili, wanaohitajika wawili ni sodiamu.

Nikamwachia alumini sulfeti, ile ya kusafishia maji, nikaenda kulala. Asubuhi nakuta Al2(SO4)3 nyuma ya daftari, na chini yake kaandika: chanya 6, hasi 6.