Hori Iliyotoka Ziwani

Majilio yaliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza pango la Noeli katika kigango chetu hapa Kigoma, na kazi hiyo ikanipeleka mahali ambapo sikutarajia, yaani kwenye mwalo wa Kibirizi, asubuhi, wakati akina mama wanaanika dagaa. Hori ya kumlazia Mtoto Yesu tuliyoitumia mwaka uliotangulia, iliyogongwa kwa mbao za makasha, ilikuwa imeliwa na mchwa katika stoo iliyo nyuma ya sakristia, na fungu la kununulia mbao mpya halikuwepo. Mzee mmoja mvuvi, muumini mwenzetu, alikuwa na mtumbwi wa gogo uliopasuka ubavuni na kulazwa kifudifudi chini ya mwembe kwa miaka kadhaa. Alikubali tukate kipande cha nyuma, urefu wa hatua moja hivi, na fundi seremala akaziba kwa ubao upande uliokatwa. Ndani yake bado kulikuwa na magamba makavu ya samaki yaliyogandamana na mbao, doa jeusi la mafuta yaliyowahi kumwagika kutoka kwenye karabai, na harufu ambayo sabuni ya unga na siku tatu za jua havikuiondoa.

“Mwalimu, humu ndimo utakamomlaza Mtoto Yesu?” mzee aliniuliza.

“Ndimo, mzee wangu.”

“Basi atanuka dagaa.”

Halmashauri ya kigango nayo ililiona hilo, na wapo waliosema kwamba si heshima kuweka kitu kama kile mbele ya altare. Nilijitetea kwanza kwa lugha, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa upande wangu: watu wa pwani huita hori aina fulani ya mtumbwi mdogo, na tena huita hori mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Utetezi wangu wa pili ulikuwa mrefu zaidi, na kwa sababu sikuruhusiwa kuumaliza katika kikao kile, naumalizia hapa.

Wengi wetu tumekua tukisikia kila mkesha wa Noeli habari za mwenye nyumba ya wageni aliyewafungia mlango Yosefu na Maria. Katika maigizo ya Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, yeye ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, na hugombaniwa na wavulana, kwa kuwa ni yeye peke yake anayeruhusiwa kufoka kanisani. Lakini ukiifungua Injili ya Luka sura ya 2 humpati. Hakuna mlango uliogongwa wala mtu aliyefoka. Pana sentensi moja tu, kwamba Maria alimzaa mwanawe, kifungua mimba, akamvika nguo za kitoto, akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Luka aliandika kwa Kigiriki, na neno lililofasiriwa hapo “nyumba ya wageni” ni kataluma, yaani mahali pa kufikia mgeni, ambapo pangeweza kuwa chumba tu katika nyumba ya mtu. Mwandishi huyohuyo anapotaja nyumba ya wageni ya kulipia, ile ambamo Msamaria mwema alimfikisha majeruhi katika sura ya 10, hutumia neno jingine kabisa, na humo kweli yumo mwenyeji anayepokea dinari mbili. Yosefu alikuwa wa ukoo wa Daudi, naye alikwenda Bethlehemu kwa sababu ya ukoo huo. Sasa ni nani kati yetu anayerudi kwenye kijiji cha babu zake akalala gesti?

Nyumba nyingi za wakulima wa Palestina ya kale zilikuwa na chumba kimoja kikubwa, ambacho sehemu yake ya karibu na mlango iliachiwa wanyama usiku, na sehemu iliyoinuka kidogo ilikuwa ya kulala watu. Hori ilikaa mpakani mwa sehemu hizo mbili. Wapo wataalamu wanaoisoma habari ya Luka hivyo, kwamba chumba cha wageni kilikuwa kimejaa, na Mtoto akalazwa pale palipobaki nafasi, ndani ya nyumba yenye watu. Mapokeo ya pango nayo ni ya zamani sana, kwani Yustino Mfiadini aliyataja tayari katika karne ya 2, na mapango yaliyotumika kama sehemu ya nyumba hayakuwa jambo geni katika vilima vile. Sioni kwamba maelezo haya mawili yanapigana.

Kwangu mimi nyumba hiyo si ya kubuni. Bibi yangu mzaa mama aliishi vilimani upande wa Kasulu, kwenye ubaridi, na nyumbani kwake ndama na mbuzi wawili watatu walilala ndani, wamefungwa kwenye vigingi kulia unapoingia, ambako sakafu iliteremka ili mikojo itiririke nje. Hori yao ilikuwa gogo lililochongwa, lililolainishwa na ndimi za ng'ombe hata kingo zake zikang'aa kama mpini wa jembe. Noeli moja, nikiwa na miaka kama minane, tulifika wajukuu na wakwe kiasi kwamba hapakuwa na pa kuweka mguu. Shangazi alikuwa na mtoto mchanga, na kila mtu alihofia atalaliwa. Bibi alichukua ungo, akatandika kanga mbili, akamweka mtoto ndani yake na kumsogeza karibu na mafiga, mbali na miguu ya watu na karibu na pumzi ya ndama. Ungo uleule ulikuwa umepepeta mtama mchana. Hakuna aliyesema kwamba mtoto yule amekataliwa. Alikuwa amewekwa mahali salama kuliko pote katika nyumba iliyojaa, nacho chombo kilichopatikana kilikuwa cha chakula.

Hapo ndipo ninaposimama ninaposoma sura ya 2 ya Luka. Katika habari fupi namna ile, hori inatajwa mara tatu: katika aya ya 7 Maria anamlaza Mtoto humo, katika aya ya 12 malaika anawaambia wachungaji habari zake, na katika aya ya 16 wachungaji wanaikuta. Mwandishi makini kama Luka harudii kitu mara tatu kwa kusahau. Na malaika haiiti hori bahati mbaya wala aibu, anaiita ishara. “Na hii ndiyo ishara kwenu.” Nguo za kitoto peke yake zisingeweza kuwa ishara, kwa kuwa kila mama alimvika mwanawe hivyo. Kilichomtofautisha Mtoto huyu na watoto wengine wa Bethlehemu usiku ule ni mahali alipolala, nasi tumezoea kuipita ishara hiyo tukaenda moja kwa moja kwenye huruma: maskini, hakuwa na kitanda. Umaskini upo, sikatai. Hata hivyo ishara si ya kuhurumiwa, ni ya kusomwa, na anayeisoma hana budi kuuliza hori ni kitu gani. Hori si kitanda kibovu. Ni chombo cha kulia. Kinachowekwa ndani yake huwekwa ili kiliwe.

Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa kuanzia mwaka 590 hadi 604, aliliona jambo hili na kulihubiri siku ya Noeli, akaliunganisha na jina la mji. Bethlehemu kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate. Aliyezaliwa katika nyumba ya mkate amelazwa penye lishe, ili awe chakula cha waamini. Niliwahi kumsimulia habari hiyo jirani yangu wa Ujiji, maalimu wa madrasa, mtu ambaye tumezoea kupelekeana sahani wakati wa Idi na wakati wa Noeli. Alisikiliza, kisha akaniambia kwamba Waarabu wanaouita mji huo Bayt Lahm wanasikia kitu kingine, kwa maana lahm katika Kiarabu ni nyama. Kwake lilikuwa jambo la lugha tu, akaendelea na kahawa yake. Mimi sikulala upesi usiku ule. Mkate katika lugha moja, nyama katika lugha ndugu yake, na jina ni moja, mji ni mmoja. Na katika sura ya 6 ya Yohana Yesu anasema kwamba mkate atakaoutoa ni mwili wake. Wanaisimu wataniambia kwamba hiyo ni njia ya kawaida ya maneno kutengana maana, nami nawakubalia, lakini hawatanizuia kutafakari.

Maalimu huyo alinikumbusha pia kwamba katika Sura ya Maryam, Maryamu anashikwa na uchungu penye shina la mtende, anaambiwa alitikise shina tende mbivu zimwangukie, kisha ale na anywe. Katika masimulizi yao mama ndiye anayelishwa. Tofauti za imani zetu juu ya huyo Mtoto ni kubwa na sitazifunika kwa maneno matamu, ila nilipenda kwamba sote wawili, kila mmoja katika kitabu chake, tulikuta chakula kando ya uzazi ule.

Kuhusu mamajusi sitakaa sana. Idadi yao haikutajwa, ni zawadi zao zilizo tatu, na Mathayo anasema waliingia nyumbani. Ng'ombe na punda wa pango zetu nao hawamo katika Luka. Wametoka katika Isaya 1:3, ambapo ng'ombe anamjua bwana wake ilhali Israeli hajui. Na mjadala wa mwaka aliozaliwa Yesu, wa mfalme Herode na sensa ya liwali Kirenio, nawaachia wanahistoria, ingawa napenda kuona kwamba Luka anaianza habari na Kaisari Augusto anayehesabu watu. Watawala wa zamani walihesabu watu ili watoze kodi, na penye kodi, shehena ya nafaka huondoka kijijini kwenda mjini. Katika habari inayoanza hivyo, yupo mmoja anayewekwa mahali pa chakula bila kuhesabu walaji.

Lile neno kataluma Luka analitumia mara moja zaidi katika Injili yake, katika sura ya 22, pale Yesu anapowatuma Petro na Yohana kumuuliza mwenye nyumba kiko wapi chumba atakamolia Pasaka pamoja na wanafunzi wake. Aliyekosa nafasi katika kataluma alipozaliwa, usiku wa mwisho anaingia katika kataluma akiwa yeye ndiye mwandaaji, anatwaa mkate, anaumega, na kusema kwamba huo ni mwili wake. Jumapili ya ufufuko, katika sura ya 24, wanafunzi wawili waendao kijiji cha Emau wanatembea naye njia nzima bila kumtambua, hadi anapoumega mkate mezani. Hori ya sura ya 2 na meza ya sura ya 24 ni habari moja. Fransisko wa Asizi, alipoandaa Noeli pale Greccio nchini Italia mwaka 1223, alitaka nyasi kavu, ng'ombe na punda, na Misa ikaadhimishwa juu ya hori. Baadaye sisi tuliongeza sanamu, taa za rangi na pamba ya kuigiza theluji, hata hapa ambako Desemba ni mwezi wa mvua na matope, na hori ikasukumwa pembeni ikawa pambo.

Kwa hiyo sikubaliani sana na wanaolalamika kila mwaka kwamba Noeli imegeuka kuwa sikukuu ya tumbo. Pilau lina haki yake siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Ninachouliza ni nani ameketi na kula. Katika mkoa huu swali hilo si la mfano, kwa sababu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwapo tangu mwaka 1996, na wapo watu walioingia humo watoto ambao sasa ni wazazi wanaosubiri mgao wa chakula pamoja na watoto wao. Ukimwambia mama wa aina hiyo kwamba Mungu alilazwa ndani ya chombo cha chakula, hataomba ufafanuzi wa kiteolojia.

Mwishowe hori yangu ilikubaliwa, kwa sharti kwamba ing'arishwe kwa vanishi, sharti nililolitimiza nje na kulisahau ndani. Niliomba iwekwe mbele ya altare badala ya ile pembe ya kuume, na Baba Paroko akaafiki. Katika Misa ya mkesha umeme ulikatika wakati wa kutoa vipaji, mvua ikipiga bati hata hatukusikia kwaya, na watu wakaja komunyo gizani kwa mwanga wa mishumaa miwili, wakipita kushoto na kulia kwa hori kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Harufu ya dagaa ilikuwapo. Niliwaona wawili watatu wakiinama kutazama, kisha wakinyosha mikono kupokea.

Asubuhi, kabla ya Misa ya pili, mlango wa ubavuni ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili ya kupiga deki. Tulipoingia tulikuta mbuzi wa jirani amesimama mbele ya altare, kichwa kikiwa ndani ya hori, anatafuna nyasi pembeni mwa sanamu ya Mtoto bila haraka yoyote. Mtumishi mmoja wa altare alikimbilia ufagio. Mzee wa mtumbwi, aliyekuwa amewahi kama kawaida yake, alimshika mkono.

“Mwache amalize,” alisema. “Hori ni yake.”