Siku moja maishani mwangu: fundi siti na mteja aliyekalia vitu vinne

Shemeji yangu akinitambulisha kwa watu husema, "Huyu anashonashona huko mtaa wa Unga Limited." Anashonashona. Kama vile naweka viraka kwenye suruali. Nashona siti za pikipiki, huu ni mwaka wa kumi na moja, na nimeamua kuandika siku moja tu, Jumanne iliyopita, niwatumie yeye na wengine wenye mawazo kama yake.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Uji, sare ya mtoto, ugomvi wa soksi moja iliyopotea, kifodi, yaani daladala yetu ya huku, kutoka Sakina. Julai hapa Arusha mlima hauonekani na mikono haikunjiki. Hiyo ndiyo asubuhi yote.

Saa moja. Machalii watatu wa boda wako mlangoni, wote wana haraka, kwa sababu pikipiki iliyopaki haileti hesabu ya siku na tajiri mwenye pikipiki hataki kusikia habari za siti. Hawa ndio wanaolisha nyumba yangu. Siti ya Boxer, pikipiki ya kijiweni, ina namna yake ya kufa: inaanza mbele, karibu na tangi, maana dereva akipiga mshikaki husogea mpaka analalia tangi ili nyuma wakae wawili. Sheria inakataza, siti inatoa ushahidi. Huwa simuulizi mtu, nikiona sponji imepondeka pale mbele najua tu. Mbili nilizifanya vizuri. Ya tatu niliifunga mbio mbio, mwenyewe alikuwa amewasha pikipiki bila siti, ananguruma nayo mlangoni kama anataka kuniingilia ndani. Elfu kumi na tano kila mmoja. Mmoja akaongeza na mifuko ya mikono ya leza, ile ngozi bandia ya siti, ya kuvisha kwenye usukani, ile ya kuzuia baridi, ambayo miezi hii nashona kila siku.

Saa tatu ikaingia Honda Africa Twin yenye namba za Kenya.

Hebu niwaeleze lile pikipiki lilivyokuwa. Maboksi ya bati huku na huku, begi la nyuma, kioo cha mbele kirefu kama dirisha la kibanda cha tiketi, na juu ya siti kumepangwa vitu. Kwanza siti yenyewe ya kiwandani. Juu yake mto wa jeli. Juu ya jeli mto wa kujaza hewa. Juu ya hewa ngozi ya kondoo, nyeupe ilipotoka dukani, sasa rangi ya vumbi la Namanga. Mwenyewe, mtu mzima wa hamsini na kitu, jaketi la maana, buti za maana, akashuka kama anayeshuka juu ya paa.

"Habari ya asubuhi, madam. Wewe ndio fundi ama ni bwanako?"

"Ndiye mimi, mzee wangu. Karibu."

"Hii siti imenimaliza. Kutoka Nairobi mpaka hapa nimesimama mara sita, na tunaenda mpaka Livingstone, Zambia. Nataka uniongezee sponji hapa katikati. Soft. Soft kabisa."

Wenzake wawili walikuwa hotelini wamelala. Kesho yake walitakiwa kuondoka alfajiri kwenda Dodoma kupitia Babati na Kondoa, zaidi ya kilomita mia nne kwa siku. Maana yake nilikuwa na siku hiyo moja tu.

Sikugusa siti. Nilimwambia akae juu ya pikipiki nimtazame. Miguu ilifika chini kwa ncha za vidole. Nikamuuliza amewahi kuanguka? Akacheka kidogo, akasema mara moja tu, kwenye foleni ya mpakani, na lori lilikuwa limesimama, kwa hiyo haihesabiki.

Tukaanza kuulizana kimoja kimoja, na hapa ndipo palipochukua asubuhi yangu. Alinunua jeli kwa sababu makalio yalikuwa yanauma. Jeli haikutosha, akaongeza hewa. Ngozi ya kondoo ni kwa ajili ya jasho. Vikampandisha juu, usukani ukawa mbali chini, mgongo ukaanza kuuma, akanunua vyuma vya kuinua usukani. Kupanda kule kukapeleka kichwa juu ya kioo, upepo ukawa unampiga helmeti, akanunua kioo kirefu zaidi. Kioo kirefu kikaleta upepo wa kuzunguka, unaompiga kisogoni, shingo ikaanza kuuma, na sasa anavaa viziba masikio. Kila kitu alikinunua kutibu maumivu ya kile kilichotangulia, na vyote vimeagizwa kwa ndege, vina risiti, risiti amezihifadhi kwenye simu akanionyesha.

Nikamwomba akate usukani wote kushoto. Waya wa klachi ukanyooka ukawa mkavu kama kamba ya gitaa. Vile vyuma vimeinua usukani, waya haukuongezwa urefu. Nikamwambia hiyo siyo kazi yangu, lakini akitoka hapa aende kwa fundi pikipiki apunguze chuma kimoja, maana siku atakapokata kona kali ya kushoto klachi itajivuta yenyewe.

"Lakini hiyo ni ya bei, madam."

Najua ni ya bei.

Sasa, jambo lenyewe ambalo nahangaika kulieleza kila wiki: laini ni ya dukani. Ukikalia kitu laini dakika tano unasema ahsante. Ukikikalia saa mbili, sponji imeshalala yote, na mifupa miwili ya makalio inakaa juu ya plastiki ya chini. Ile mifupa ndiyo inayobeba mtu. Kazi ya siti ni kuipa mifupa ile pahali papana, pagumu kiasi, pasipo na mshono. Mteja wangu wa kwanza wa safari ndefu nilimwekea sponji laini kama alivyotaka, akanilipa kwa furaha, akarudi kesho yake kutoka Babati. Hata Dodoma hakufika. Sijasahau alivyonitazama.

Nikachukua boksi la kandambili, nikalikunjua juu ya benchi, nikamwambia akalie, anyanyue miguu kidogo. Akaniangalia kama anayemwangalia mganga wa kienyeji. Alipoinuka, boksi lilikuwa na vishimo viwili. Nikapima katikati ya kimoja na kingine: sentimita kumi na tatu. Nikahamishia kwenye siti yake kwa chaki. Alama zote mbili zikaangukia pale siti inapoanza kuwa nyembamba kuelekea tangi, na moja ikakaa juu ya mshono kabisa. Halafu siti yenyewe imeinamia mbele, kwa hiyo kila akifunga breki anateleza mpaka kwenye tangi, na sitaeleza zaidi hapo, wanaume mnaelewa.

Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda. Akatoa simu, akampigia rafiki yake Nairobi, video, akanielekezea.

Rafiki alikuwa ofisini, ana tai. "Mwambie aongeze memory foam," akasema. Nikamsalimia. Nikamuuliza yeye anaendesha nini. Akasema haendeshi, lakini amesoma sana. Dakika ishirini na tano, wapendwa, nimesimama na kisu mkononi nasikiliza mtu mwenye tai. Kila nikiweka kisu kwenye leza mteja anasema "ngoja, ngoja", anauliza kitu kingine. Je, jeli isingewekwa ndani kabisa ya sponji? Jua lilikuwa limetoka kidogo. Nikaweka mto wake wa jeli kwenye bati nje, na kipande changu cha sponji pembeni. Baada ya robo saa nikamwambia aweke kiganja. Akaondoa mkono haraka. Jeli ni baridi ukiinunua, jua likiipata inakaa na joto kuliko abiria.

"Sawa," akasema. "Kata."

Nikang'oa pini, nikavua leza ya kiwandani, nikakata sponji kwa kisu cha mkate, nikabandika sponji ngumu kwa gundi ya viatu, nikapandisha mbele ili siti isimame sawa, nikatanua pale penye alama. Kisha nikawasha grenda yenye diski ya msasa kulainisha maungio. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Saa sita na dakika chache umeme ukakatika.

Kuanzia hapo sijui tena ilikuwa saa ngapi. Sponji iliyolainishwa nusu haiwezi kuvalishwa leza, kila nundu mtu ataisikia. Nikafunga msasa kwenye chupa ya soda nikaanza kusugua kwa mkono. Kijana wangu wa kazi akachukua upande wa pili. Unasugua, unapitisha kiganja macho yamefungwa, unasikia kibonde, unasugua tena. Unga wa sponji unaingia puani, kwenye kope, kwenye chai. Mama ntilie alileta makande nikala nimesimama, mkono mmoja. Mteja akawa anazunguka, anasimulia benki aliyostaafu, anauliza umeme utarudi lini kana kwamba mimi ndiye niliyeuzima. Machalii wawili wa boda walikuja, nikawaambia kesho, wakaenda kwa jirani. Elfu thelathini ikatembea mbele ya macho yangu.

Bega la kulia lilianza kuwaka moto. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa ubao, bila hata kitambaa. Ndiyo, najua.

Tulipomaliza kusugua nikaweka sponji uchi kwenye pikipiki, nikamwambia akae nusu saa bila kushuka. Ikawa mgogoro mwingine. "Nusu saa nikifanya nini?" Ukikaa. Kwa sababu dakika tano hazisemi chochote, na nikishaivalisha leza sitaivua tena. Nikatumia nafasi hiyo kukagua pale siti inapokaa, nikakuta jambo lililoniudhi kwa niaba yake: siti ya hiyo Honda inawekwa kwa vimo viwili, sentimita 85 au 87, ya kwake iko juu. Hakuna aliyemwambia. Amenunua vitu vya ndege vyote vile, na sentimita mbili za bure zilikuwa chini ya makalio yake.

Tukaishusha. Nyayo zikafika chini, si zote, lakini si ncha tena. Dakika ya kumi na nane akasema upande wa kushoto kuna kitu. Nikapitisha mkono. Kweli, upande wa kijana wangu, nundu kama punje ya hindi. Hapo nikamheshimu kidogo yule mzee.

Leza nilishona kwa cherehani ya kukanyaga, mishono yote nikaisukuma pembeni, mbali na alama za chaki, nikatandika nailoni chini yake kwa ajili ya mvua. Wakati nagonga pini ya mwisho umeme ukarudi. Bila shaka.

Jua lilikuwa limeshalalia upande wa Monduli. Nikamwambia ashushe kioo mpaka mwisho, aende mpaka Kisongo na kurudi, na njiani, pasipo na magari, anyanyue kiganja juu ya kioo asikilize wapi upepo unakuwa msafi. Helmeti ikae ama chini kabisa ya pale, ama juu kabisa, isikae katikati kwenye vurugu. Akaenda. Akakaa sana. Kijana wangu akaanza kusema ametukimbia, na hajalipa.

Alirudi taa zimewashwa, hakusema kitu. Akazima, akashuka kama mtu wa kawaida. Akauliza bei. Laki moja na ishirini, nilimwambia tangu asubuhi. Akasema hiyo ni pesa mingi kwa siti bila jeli. Nikamwambia alete boksi la kandambili tumuulize. Akacheka, akalipa yote, na juu yake akanunua mifuko ya mikono, maana nilimwambia usukani wake una joto la umeme la viganja tu, migongo ya vidole itakufa ganzi Makambako. Ule mto wa hewa aliufunga kwenye begi. Wa jeli aliuacha kwenye benchi, mama ntilie ameshauchukua, anaukalia akichambua maharage, kivulini.

Nilifunga karibu saa mbili usiku. Vifodi vya Sakina vilikuwa vimejaa, nikaita boda. Akaja chalii wa asubuhi, yule wa tatu, yule wa kunguruma. "Panda, dada fundi, siti mpya hii." Tumefika njia panda ya kwanza nikausikia. Mshono. Umekaa kushoto, chini kabisa ya mfupa, pale pale nilipomhubiria mtu siku nzima kwamba mshono usikae.

"Kesho saa moja uilete," nikamwambia sikioni. "Nimekosea mshono."

"Mbona mimi siusikii?"

"Wewe huukalii. Anaukalia abiria."

Akafikiri mpaka tukafika karibu na nyumbani. "Itakuwa bure?"

"Bure. Ila usije unanguruma."