Recognize ilivyonitoa jasho mapokezi, na shemeji yangu aliyeniambia ni sawa na know

Aliyekuambia recognize ni know ya wasomi amekudanganya. Mimi alinidanganya shemeji yangu, tena kwa kujiamini kweli kweli, eti ukikaa mapokezi ya hoteli usiseme know, hiyo ya darasa la tatu, we sema recognize uone wazungu watakavyokuheshimu. Nikamsikiliza. Mama mmoja mgeni, kafika jana yake usiku, ananiuliza ATM iko wapi, nami nikampiga na "Do you recognize the clock tower?" Mama wa watu akageuka kuangalia ukuta, akadhani namuonyesha picha! Sasa atau-recognize, yaani atautambua vipi mnara ambao hajawahi kuuona maishani mwake.

Lakini hiyo ilikuwa cha mtoto. Nipo Moshi, hoteli yetu ndogo na wageni wengi ni wa mlimani. Wanalala usiku mmoja, asubuhi wanaacha mabegi makubwa stoo wanapanda Kilimanjaro, wa njia ya Marangu siku tano sita, wa njia ya Machame sita saba, halafu wanarudi. Aisee wanavyorudi! Pua imebabuka, midomo imepasuka, ndevu hizo, vumbi hadi kwenye kope. Mtu uliyempokea kama bwana harusi anarudi kama katoka machimboni. Akaingia kijana mmoja Mholanzi ambaye kabla hajapanda tulikuwa tumeshazoeana, nikamchekea nikasema kwa furaha zangu zote, "I don't recognize you!" Si ndivyo tunavyosema jamani, wee, yaani sikutambui! Kijana tabasamu likakata. Akavua kofia. Nikazidi kucheka nikarudia, maana nilijua utani umekolea. Akatoa pasipoti, akaiweka kaunta. Akatoa na ile lebo ya begi. Mi bado nacheka. Basi akaanza kulieleza begi lenyewe kama yuko polisi, la bluu, zipu moja mbovu, ndani kuna chupa ya Konyagi anampelekea baba yake, na sauti imeanza kutetemeka maana mtu hajaoga wiki nzima na anaona hapewi hata nguo zake. Mwongozaji wake wa mlimani nyuma pale kashika tumbo, kashindwa kusema kwa kicheko.

Alipotulia ndo akaniambia, dada, umemwambia mpaka dakika hii humjui ni nani, sema didn't. Basi! Neno dogo tu. "I didn't recognize you" ni kwamba ulipoingia ulinipotea ila sasa nimeshakujua, karibu, cheka. Ukiweka don't maana yake bado, wewe nani, lete kitambulisho. Nililipia kozi ya jioni laki na ushee huko mjini, tenses tumefundishwa mpaka basi, hakuna aliyewahi kuniambia hilo.

Na ile ing muiache. Sisi kwa sababu tunasema ninakutambua, mdomo unataka kwenda "I am recognizing you". Hapana, "I recognize you" inatosha, macho yanakutana mara moja tu kitu kimeisha.

Sasa kilichonikomboa ni kumbe. Hii nimeigundua mwenyewe na najivunia, shemeji asije akasema ni yake. Kichwani kwanza unasema kumbe kwa Kiswahili halafu unasikiliza kinachofuata. Ikifuata mtu au kitu, kumbe ni yule mama wa room 4, kumbe ni sauti ya bosi, hiyo ni recognize, "I recognized her voice". Ikifuata habari nzima, kumbe nimesahau kumuitia teksi, kumbe leo ni sikukuu, hiyo ni realize, usiiguse recognize. Kutambua yetu inabeba zote mbili ndo maana tunachanganya. Na lazima kitu uwe umekikuta kabla, ana kwa ana au hata kwenye picha, kama yule mama na mnara hakuna kumbe hapo.

Nikawa nazichomeka popote. Wenzangu wa usafi mikono imelowa sabuni simu hazifunguki, nawaambia "your phone doesn't recognize your finger", wakanizoea na wenyewe wakaanza. Ndani ya daladala nasema moyoni kondakta huyu namjua kwa kofia yake, "I recognize him by his cap", kimoyomoyo lakini, usije ukaonekana umepagawa. Ila inayonisaidia kuliko zote kazini ni "I recognize your face but I don't remember your name". Sura naikumbuka, jina limenitoka. Mgeni anacheka anajitajia jina mwenyewe, hakuna aliyewahi kununa, na mimi majina ya Wapolandi yananishinda kabisa.

Ile ya vyuo nayo ni rahisi, si mnaona matangazo ya chuo kinatambuliwa na TCU, ile tume ya vyuo vikuu, hiyo ni "recognized by", by ndiyo na. Halafu kutamka usiseme rikognaizi, nguvu iwe mwanzo, REkog, g isikike kidogo.

Shemeji hakuniacha bado, juzi kaona nimeandika na z akasema hiyo ni ya Kimarekani, Waingereza wanaandika s tu. Nikamfungulia kamusi ya Oxford kwenye simu, hiyo hapo, z. Waingereza wengi wanaandika s kweli na ni sawa pia, ila hiyo sikumwambia. Akahamia kwenye acknowledge, eti nayo ni thank you ya wasomi, nikamwambia niachie kwanza hii.