Kabla ya nyuklia ya Siaya, tuulize laini za stima ziko wapi

Tangu Siaya ianze kutajwa kwa mambo ya mtambo wa stima ya nyuklia, hasa upande wa Lwanda Kotieno, huku Kisumu hiyo ndio stori kila mahali, kwa matatu, kwa kinyozi, hadi nje ya kanisa. Wengine wanaogopa mionzi, wengine wanaona kazi za vijana. Mi sipingi nyuklia. Kinachoninyima usingizi ni kwamba tunaongelea mtambo kila siku na waya wa kusafirisha hiyo stima hakuna anayeutaja.

Hebu tuanze na ukubwa. Matumizi ya nchi nzima jioni, saa ile kila nyumba imewasha taa na TV, yalipita megawati 2,300 mwaka 2025. Nyuklia iliyokuwa ikitajwa miaka hii yote ni ya megawati 1,000. Watu wa gridi, yaani mfumo wote wa laini na mitambo ya stima, wana kanuni yao, kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya mfumo mzima, manake siku ukizima ghafla mingine lazima ibebe ule mzigo hapo hapo, si baada ya dakika tano. Ni kama mkokoteni wa maji kwa mlima, wasukumaji wawili wakiachilia, waliobaki wakilemewa nao wanaruka pembeni kujiokoa, mkokoteni unarudi chini. Mitambo hufanya hivyo hivyo, ikiona gridi imelegea inajitoa isiharibike, na kila unaojitoa unaongezea wengine mzigo.

Na hii si hadithi, tuliiona. Tarehe 6 Septemba 2024, saa tatu kasoro asubuhi, laini ya kutoka Loiyangalani, kwenye mitambo ya upepo ya Turkana, ilikatika pale sabstesheni (kituo cha kugawa stima) ya Suswa ikiwa imebeba megawati 288, mara laini ya kuleta stima kutoka Ethiopia nayo ikajitoa na 200 zake. Jumla 488, na sehemu kubwa ya nchi ikakaa giza. Kama 488 zilitufanyia hivyo, 1,000 kwa mtambo mmoja itakuwaje? Ndio maana swali la kwanza kwa nyuklia lingekuwa mitambo midogo midogo au mmoja mkubwa, na gridi itakuwa imekua kiasi gani ikifika 2034 wanayotaja.

Sasa kuja huku kwetu. Stima nyingi ya magharibi inatoka mbali, Olkaria kule Naivasha kwa mvuke wa ardhini, inapitia sabstesheni ya Lessos ndio ishuke Kisumu. Karibu tuko na Sondu Miriu megawati 60 na Sang'oro 21, ingine inaingia kutoka Uganda kupitia Tororo, halafu kuna ile jenereta ya Muhoroni inayochoma mafuta, ghali sana, lakini inawashwa juu bila kitu cha kusukuma volteji (ile nguvu ya stima) huku karibu, jioni inashuka vibaya. Ukiwa na friza ya samaki unajua. Taa inawaka nyekundu nyekundu, kompresa inanguruma bila kuanza, ukiiacha hivyo inaungua. Wachomeleaji wengi wanakimbiza kazi mapema kabla giza lianze juu mashine haivuti. Na usiku huo huo wa manane, watu wakilala na matumizi yakishuka karibu nusu, Olkaria mvuke unaachiliwa hewani juu hakuna wa kuutumia! Sasa hapo utasema shida yetu ni mitambo?

Tumeshalipia hili somo tayari. Ule upepo wa Turkana, megawati 310, mitambo ilikuwa tayari 2017 na laini ikaisha 2018, na serikali ikalipa mabilioni ya fidia kwa stima ambayo haikufika kwa nyumba ya mtu.

Laini inachelewa kwa sababu za kawaida kabisa. Inapita kwa mashamba ya mamia ya familia na kila moja inataka fidia, na wewe unajua vile hati nyingi huku bado ziko kwa jina la babu aliyeaga zamani, sasa alipwe nani? Hiyo kazi ya kutafuta njia na kulipa watu inafaa ianze miaka mbele ya mtambo. Halafu pesa. Oktoba 2024 KETRACO, kampuni ya serikali ya laini kubwa za stima, ilisaini mkataba na Adani, kampuni ya India, ndani yake kulikuwa na laini ya Rongai, Keringet hadi Chemosit na sabstesheni ya Thurdibuoro hapa Nyakach, mwezi uliofuata rais akafuta. Kufutwa nilikubaliana nako kabisa, mkataba ulikuwa na maswali mengi sana. Lakini hitaji halikufutwa, volteji ya Nyakach haikupanda siku ile. Laini ya Kisumu hadi Musaga, kilovolti 220, iko kwa ubia wa Africa50, mfuko wa miundombinu ya Afrika, na Power Grid ya India, hiyo naiombea iishe juu itasaidia Kakamega na Bungoma.

Na kuna mlango tunaupuuza. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kila kaunti itengeneze mpango wake wa kawi na kuupeleka kwa waziri. Kwa hivyo wakiitisha kikao kwenu msiende kuuliza nguzo ya kijiji tu. Ulizeni Thurdibuoro inajengwa na nani saa hii, ulizeni fidia za njia ya laini zimelipwa hadi wapi, na mkiongea nyuklia ulizeni laini ya kuitoa Siaya imechorwa ipite wapi.