Kumbukumbu ya mradi: kaseti za mwandishi wa siasa wa lugha mbili

Kuhamisha sauti kwenda kompyuta si kazi kubwa tena. Kinachokula muda ni kuzipa tarehe kaseti hizi za mwandishi mkongwe wa Nairobi, aliyeripoti siasa kwa Kiswahili na Kiingereza, na kuzioanisha na habari alizochapisha.

Kichwa cha deki husafishwa kwa pamba na spiriti kabla ya kila kaseti, maana utepe wa zamani huacha unga wa kahawia, na "s" na "sh" ndizo hufifia kwanza. Gurudumu la mpira linalovuta utepe lifutwe kwa maji ya sabuni, spiriti hulikausha. Sauti ikibaki hafifu, zungusha skrubu ya pembe ya kichwa kidogo kidogo hadi "s" isikike kali. C120, yaani kaseti ya dakika 120, usiirudishe nyuma kwa kasi: utepe wake una unene wa takriban maikroni 9, karibu nusu ya C60 ya dakika 60, na hujikunja. Tunahifadhi faili la sauti la WAV la kilohezi 48, biti 24, chaneli moja. Saa moja ni kama megabaiti 520.

Betri zilizochoka ndizo msumbufu mkuu. Kinasa sauti kilienda polepole wakati wa kurekodi, kwa hiyo leo, utepe ukichezwa kwa kasi ya kawaida, mbunge mwenye besi anasikika kama mtoto. Tafuta mngurumo wa umeme nyuma ya sauti: wa Kenya ni hezi 50. Ukisoma 53, punguza kasi hadi asilimia 94.3, kisha pima tena kila baada ya dakika kumi, maana betri huendelea kushuka. Hii inafaa kwa vikao vya ndani, kama ukumbi wa mikutano wa KICC au Chester House, jengo la ofisi za waandishi. Kwenye viwanja vya wazi vya Uhuru Park na Kamukunji, jenereta huharibu hesabu.

Kaseti isiyo na tarehe huipata mdomoni mwa wasemaji. FORD, kundi la upinzani, ikitajwa kama chama kimoja, ni 1991 au 1992, kabla ya mgawanyiko. Chungwa peke yake halitoshi kwa sababu chama cha ODM kilichukua alama hiyo baadaye; likisikika pamoja na ndizi, hiyo ni kura ya maoni ya katiba ya 2005, ambapo ndizi ilikuwa "ndiyo" na chungwa "hapana". Redio ya serikali, Sauti ya Kenya, ikiitwa KBC, tumeshafika 1989.

Kwenye jedwali kila hotuba ina safu mbili za habari, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Usizioanishe kwa maneno. Kijembe kilichochekesha umati hubaki kwenye ile ya Kiswahili, na ile ya Kiingereza huanza na nani kamtosa nani. Oanisha kwa msemaji, mahali na tarakimu. Saa nazo ni mtego: daftarini mwake "4" huenda ni saa nne asubuhi au 4 ya Kiingereza, saa kumi jioni. Mkutano wa Jumamosi utafute katika magazeti ya kesho yake, Taifa Jumapili na Sunday Nation.

Upande B usiupuuze. Ndiko kuna mashairi ya redioni na kandanda aliyoipenda. Lakini Gor Mahia wakitwaa Kombe la Mandela la 1987 upande B, hilo halithibitishi lolote kuhusu upande A. Alikuwa akirekodi juu ya rekodi, kama waandishi wengi wa enzi hizo. Kaseti zilikuwa ghali.

Zilizobaki zina ukungu mweupe. Zimefungiwa na vifuko vya silika, na masika yakipita zitachezwa kwenye deki ya akiba, nje, kwa barakoa.